Prado, mchanga na saa ya maji: uchambuzi wa siku moja K'gari

Watu watano kutoka Nairobi, Prado moja ya dizeli ya kukodi, siku tatu za kulala kambini, na kisiwa cha mchanga chenye urefu wa zaidi ya kilomita 120 kilicho pwani ya Queensland, Australia. Saa nane na dakika 35 mchana wa siku ya kwanza gari lilikuwa limekalia tumbo, vilima vya mchanga kushoto, bahari ikisogea upande wa kulia. Gari halikuwa na hitilafu. Dereva hakuwa mgeni wa barabara mbovu: alikuwa ameshavuka laga na kutoka kwenye tope jeusi la Kajiado mara nyingi.

Kisa hiki ni cha mfano. Tumekiunda kwa kukusanya mahali pamoja makosa ambayo wasafiri hufanya mmoja mmoja kila mwaka. Saa zote ni za Kiswahili, na ni za Queensland, iliyo mbele ya Nairobi kwa saa saba.

Mahali penyewe

K'gari ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichojengwa na mchanga. Ramani rasmi zilikiita Fraser Island hadi Juni 2023, kiliporudishiwa jina ambalo wenyeji wake, Wabutchulla, hawakuwahi kuliacha. Kiko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1992. Nje ya vijiji vichache hakuna lami. Njia kuu ni ufuo wa mashariki, na huo ni barabara kisheria: mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa, mikanda ni lazima, polisi hupima ulevi, na ndege ndogo hutua hapohapo. Njia za ndani ya msitu zina mwisho wa kilomita 30 kwa saa, na ukiziona utajua hata hizo 30 ni za kujipa moyo.

Gari lisilo na 4x4 ya kweli, yaani yenye 4L (gia za chini za nguvu) na tumbo lililoinuka, liache bara. Hizi SUV za mjini zinazovuta magurudumu yote kidogokidogo hazifai huko.

Saa zilikopotelea

Mpango wa Nairobi ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Siku hiyo ya Julai maji yalikuwa yapwe kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi na dakika 10 alasiri. Kanuni ya kisiwa ni kukaa nje ya ufuo saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Kwa hiyo mlango wa ufuo ungefungwa saa nane na dakika 10 na kufunguka tena saa kumi na mbili na dakika 10 jioni. Wangeondoka Brisbane alfajiri, wavuke saa tano, na saa saba wawe wameshapiga hema Dundubara, kaskazini kidogo ya katikati ya kisiwa.

Kilichowaangusha ni mambo madogo ya ofisini. Ofisi ya kukodisha magari ilifunguliwa saa mbili, si alfajiri. Kisha kulikuwa na karatasi, maelezo ya lazima kuhusu kuendesha mchangani, na kukagua kila mkwaruzo. Wakaondoka saa tatu na nusu. Brisbane hadi Rainbow Beach ni kama kilomita 240, saa tatu hivi. Wakafika saa sita na nusu, wakanunua chakula na kujaza mafuta, wakateremka Inskip Point. Feri ya hapo haina miadi: unapanga foleni, unapanda, na baada ya kama dakika kumi uko ng'ambo, Hook Point. Magurudumu yalikanyaga kisiwa saa nane kasoro dakika kumi.

Zilibaki dakika 20 kabla ya mlango kufungwa, na mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilomita 70 za ufuo.

Hapo ndipo uamuzi ulipokosewa, na kila kilichofuata ni matokeo yake. Walikuwa na njia tatu halali: kurudi kulala Rainbow Beach, kufuata njia ya ndani inayoanzia Hook Point, ambayo ipo kwa ajili ya saa kama hizo ingawa haimalizi safari yote, au kungoja hadi jioni. Wakachagua ya nne, kukimbia. Tayari walikuwa wamelipia vibali vya gari na vya kambi ya Dundubara, na pesa iliyokwisha kulipwa humfanya Mnairobi aone aibu kugeuka.

Kulikuwa na kosa jingine lililojificha. Mmoja wao alikulia Kilifi na ndiye pekee aliyejua bahari. Aliuliza mapema kama ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, au maji mafu, ambazo tofauti huwa ndogo, swali ambalo ndilo hasa. Lakini kwa pwani ya Kenya, maji yakijaa mnamo saa kumi huwa ni siku za bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa siku hizo hukaribia mita 4. Kusini mashariki mwa Queensland saa hazilingani hivyo: bamvua huko hujaa asubuhi na usiku, na maji yanayojaa saa kumi alasiri huwa ni mafu. Tofauti yenyewe pia ni ndogo, kama mita 2 tu kwenye bamvua. Basi hofu yake ilikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na alipobishiwa kwa jedwali alinyamaza. Angepaswa kusikilizwa, maana hata maji mafu yakisukumwa na upepo wa kusini mashariki hula ufuo wote mgumu.

Jedwali la kutumia kwa ufuo wa mashariki ni la Waddy Point. Simu nyingi hukupa bandari ya karibu zaidi, ambayo huenda ikawa ndani ya ghuba upande wa bara, na saa zake hazilingani na za upande wa bahari kuu.

Kwa nini mchanga uleule hubeba na kuzamisha

Mchanga wenye unyevu wa kiasi ni mgumu kwa sababu maji machache yaliyo kati ya chembe huzivuta pamoja. Ukauke, mvuto huo hupotea na chembe huteleza. Ujae maji kabisa, chembe huelea na ardhi hulegea chini ya mtikisiko wa gari. Barabara, basi, ni ule ukanda wa katikati tu: ulioachwa na maji karibuni lakini haujakauka. Maji yakipwa ukanda huo huwa mpana kama uwanja wa mpira. Yakijaa hubaki uchaguzi wa mawimbi kulia au mchanga mkavu, uliochimbwachimbwa na magari ya asubuhi, kushoto.

Mwenzetu wa Prado alipanda kushoto. Kati ya hayo mawili lilikuwa chaguo bora, maana maji ya chumvi ni kifo cha gari. Ila hakuwa tayari kwa mchanga mkavu, kwa sababu matairi yalikuwa na upepo wa psi 26 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo).

Hesabu ya haraka inatosha. Gari lenye watu watano na mizigo ya kambi tulihesabu kilo 2,900, kama kilo 725 kwa kila gurudumu. Tukiacha ugumu wa tairi lenyewe, kwa psi 36 za barabarani kila tairi linakanyaga kama sentimita za mraba 285. Kwa psi 26 ni kama 400. Kwa psi 18 ni kama 570, maradufu ya barabarani. Tairi halipanuki sana kwa upana. Linarefuka, likawa kama mnyororo wa trekta, na badala ya kuchimba linapanda juu ya mchanga. Kiwango cha kuanzia kisiwani ni psi 18 hadi 20.

Aliogopa kushuka hadi hapo kwa sababu ya mazoea ya Nairobi, ambako tairi lenye psi 18 ni pancha. Isitoshe, hakuwa na geji. Alitoa upepo kwa kubonyeza valvu na kijiti huku akihesabu kichwani, gurudumu baada ya gurudumu. Kumbuka pia kwamba baada ya saa tatu za barabara kuu tairi ni la moto na geji husoma psi kadhaa zaidi. Pima tena likipoa.

Mazoea ya pili ya Nairobi yaliwagharimu zaidi. Kwenye tope jeusi, dereva mzuri huyazungusha magurudumu ili meno ya tairi yajisafishe, huku akitikisa usukani kushoto na kulia akitafuta pa kushika. Mchangani kila mzunguko ni sepetu moja ya mchanga inayotolewa chini ya gari. Ukiukata usukani, magurudumu ya mbele yanageuka kuwa breki. Gari lilipoanza kupoteza nguvu, dereva alikanyaga mafuta. Mfumo wa kudhibiti utelezi, ambao hakuuzima, ukakata nguvu za injini. Akakanyaga zaidi. Sekunde kumi baadaye ekseli zilikuwa zimelala mchangani.

Kama angeacha kukanyaga mara ya kwanza gari lilipogoma na kurudi nyuma taratibu kwenye alama zake mwenyewe, ambazo tayari zilishakandamizwa, kisa kingeishia hapo.

Kulitoa

Saa mbili zilipita. Ya kwanza karibu yote ilipotea bure, na inafaa kueleza kwa nini.

Walichimba mbele ya magurudumu tu. Gari lililokalia tumbo halishikiliwi na magurudumu, linashikiliwa na chesisi na difu. Mpaka mchanga wa chini ya tumbo utoke, nguvu zote za injini zinajaribu kuburuta mzigo kama jahazi lililopakiwa kwenye maji yaliyopwa. Inabidi ulale kifudifudi na kuukokota mchanga kwa mikono, kwa sababu sepetu haifiki. Kisha unatengeneza mteremko mrefu mbele ya kila gurudumu, yote manne, angalau nusu mita, si kishimo.

Walijaribu jeki. Jeki bila kibao cha kukalia inazama yenyewe kabla gari halijainuka. Ubao wenye ukubwa wa karatasi mbili za A4 na unene wa sentimita 2 au 3 unatosha. Hawakuwa nao, wala zile mbao za plastiki zenye meno za kuweka chini ya matairi, ambazo kampuni nyingi hukodisha kando.

Mpangilio uliofanya kazi ulikuja baadaye, gari jingine liliposimama kuwasaidia. Upepo ukashushwa hadi psi 15. Abiria na mizigo mizito nje. Mfumo wa kudhibiti utelezi ukazimwa kwa kubonyeza na kushikilia swichi. 4L, gia ya pili, kwa sababu ya kwanza ina nguvu nyingi mno na huzungusha magurudumu. Difu ya kati ikafungwa, usukani ukanyooshwa kabisa, kisha ukawekwa mkanda wa kuvuta unaonyumbuka.

Hapo nusura waue mtu. Walitaka kufunga mkanda kwenye ile tufe ya kuvutia trela, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Yule mwenye gari jingine alikataa katakata. Tufe imetengenezwa kubeba mvuto wa polepole. Mkanda wa kunyumbuka huhifadhi nguvu na kuiachia kwa mkupuo, tufe inakatika shingo na kupita kwenye kioo cha mbele na kila kilicho nyuma yake. Watu wamekufa hivyo Australia. Funga kwenye sehemu zilizotengenezwa kwa kuvutwa tu, kwa pingu za chuma zilizopigwa chapa ya uzito, weka begi lenye mchanga au mkeka mzito katikati ya mkanda ili usiruke ukikatika, na kila asiyeendesha asimame mbali, kando, zaidi ya urefu wa mkanda mara moja na nusu. Kwa Prado, mkanda wa mita 9 wa kilo 8,000 unatosha.

Lilitoka saa kumi na dakika 40. Povu la wimbi lilikuwa mita sita kutoka gurudumu la nyuma. Kama ingekuwa bamvua lingekuwa limeshamezwa, na mikataba mingi ya kukodi husema wazi kwamba uharibifu wa maji ya chumvi na wa chini ya gari ni juu ya aliyekodi gari, bima kubwa au ndogo.

Bado hawakuweza kuendelea, mlango ulikuwa haujafunguka. Na hapo wakakutana na jambo ambalo mtu wa Nairobi hawezi kulikisia. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo mwaka mzima, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuangalia. Kusini mashariki mwa Queensland mwezi Julai, saa kumi na moja na dakika chache limeshazama. Walingoja gizani karibu saa moja, kisha wakaenda polepole hadi Dilli Village. Polepole, kwa sababu vijito vinavyoingia baharini hukata ngazi kwenye ufuo, nyingine za nusu mita, ambazo kwenye taa za gari hazionekani hadi umezifikia. Kwa kilomita 80, ngazi moja hupindua gari. Hata mchana, shuka hadi kilomita 30 ukiona rangi ya mchanga imebadilika mbele.

Kusubiri kulikuwa na kanuni zake pia: wote karibu na gari, chakula ndani na milango imefungwa. Dingo wa K'gari, ambao Wabutchulla huwaita wongari, si mbwa wa mtaa. Wameshaua mtoto, mwaka 2001, na huwauma watu hadi leo. Usitembee peke yako, mtoto asitoke kwenye urefu wa mkono, usikimbie. Kuwalisha ni kosa lenye faini nzito, na kila dingo aliyelishwa huishia kuwa hatari na kuuawa. Dilli Village ina uzio. Kwa wenye watoto tusingependekeza kambi isiyo nao.

Ratiba iliyopangwa upya

Kesho yake walifanya walichopaswa kufanya Nairobi: walianza na jedwali la maji, ndipo wakapanga vivutio. Maji husogea kama dakika 50 kila siku. Siku ya pili ufuo ulikuwa wazi kuanzia saa moja kasoro asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ya tatu, hadi saa kumi kasoro dakika kumi. Ya nne, kuanzia saa mbili na robo. Saa za maji kujaa si za kukaa bure. Ndizo za misitu na maziwa, kwa sababu njia za ndani hazijali bahari.

Indian Head na Champagne Pools za kaskazini zikafutwa, na tunaona walifanya vyema.

Siku ya pili asubuhi walifuata ufuo hadi Eli Creek, kijito cha maji baridi kinachomwaga hadi lita milioni 4 kwa saa baharini. Unapanda juu kwa njia ya mbao, unajitosa, mkondo unakurudisha. Egesha juu ya alama ya maji. Mbele kidogo ni mabaki ya meli Maheno, iliyojengwa 1905, ikawa hospitali katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ikatupwa ufuoni na dhoruba mwaka 1935 ikivutwa kwenda kuuzwa chuma chakavu. Usiipande, kutu imebaki kama kaki. Na baharini hapo haogelewi: mikondo ya kuvuta ndani, papa, na hakuna mwokoaji. Hili huwauma watu wa Diani, lakini ndivyo. Saa saba walikuwa Dundubara.

Siku ya tatu walirudi kusini hadi Eurong na kuingia ndani hadi Central Station, na kutoka hapo hadi ziwa Boorangoora, ambalo vibao huliita Lake McKenzie. Kilomita hazifiki 20; tenga saa nzima. Njia ni mchanga mkavu wenye mizizi na vishimo, baadhi ni za kwenda upande mmoja, na mabasi makubwa ya watalii hayawezi kusimama kwenye mlima bila kukwama. Wewe ndiye unayepisha.

Ziwa lenyewe halina mto unaoingia wala unaotoka. Majani yaliyooza yameugandisha mchanga wa chini kuwa sakafu isiyopitisha maji, na mvua pekee ndiyo inayolijaza. Kwa hiyo maji yake hayana virutubisho karibu vyovyote, na mafuta ya kujipaka ya watu wengi kila siku hayana pa kwenda. Jipake baada ya kuoga, si kabla. Msitu wa Pile Valley ulio jirani ni wa ajabu kuliko ziwa, kwa maoni yetu: miti minene ya satinay inaota kwenye mchanga mtupu kwa msaada wa kuvu wa mizizini, unaoichotea virutubisho. Mbao zake zilipelekwa kwenye kazi za Mfereji wa Suez. Ukataji ulikoma 1991. Walilala Central Station, ndani ya uzio.

Ya kufanyia Nairobi

Viza ya utalii ni daraja la 600, iombe mapema. Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Hakuna ndege ya moja kwa moja, ila kupita Doha au Dubai kwa saa chache hakukuondolei wajibu huo. Leseni ya Kenya iko kwa Kiingereza na inakubalika kwa mgeni, na huko pia huendeshwa kushoto. Ukikutana na gari ufuoni, washa indiketa ya upande unaokusudia kupita.

Osha viatu, vigingi vya hema na mikeka hadi udongo wote utoke, na tangaza vyote uwanja wa ndege. Udongo wa Ngong kwenye soli unaweza kukugharimu faini. Nyama kavu na mbegu acha nyumbani.

Geji nzuri ya upepo na vile vifaa vidogo vya kushusha upepo vinapatikana Kirinyaga Road na vinaingia mfukoni mwa begi. Fanya zoezi kwenye laga ya mchanga Kajiado, siku kavu: jaribu kupanda ukingo na psi 32, kisha 18, kwa gia ileile. Ukishuka hadi 15, usizidi kilomita 20 kwa saa na usikate kona kwa ghafla. Tairi huchomoka kwenye rimu. Hakikisha gari la kukodi lina kompresa, kwa sababu ukirudi Inskip na psi 18 ukaingia lami kwa kilomita 100, tairi huchemka na kupasuka. Jaza upepo dakika tano kwa kila gurudumu, kisha Rainbow Beach uoshe chini ya gari kwa maji baridi, ukianza na sehemu za nyuma ya magurudumu, ambako mchanga wenye chumvi hujipakia na kubaki.